Uzi: Grundsatz na grundsätzlich. Someni hapa kabla hamjakata tamaa na barua ya Kijerumani

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa wote shikamooni.

Wiki hii watu watatu wamenitumia picha ya barua, kila mmoja na ofisi yake, wote swali moja: "Dada, hapa wameandika grundsätzlich, ndiyo nimekataliwa?" Nimewajibu kwa sauti za WhatsApp mpaka koo limekauka. Nimeona niliandike jambo hili mahali pamoja, na wenye ujuzi kunizidi waongezee. Uzi ni mrefu, chukueni chai.

Nianze na yaliyonikuta. Mwaka wangu wa kwanza Ujerumani nilikuwa nataka vyeti vyangu vitambuliwe ili nianze mafunzo ya uuguzi. Ofisi moja ikaniandikia hivi: "Die Unterlagen sind grundsätzlich im Original vorzulegen." Maana ya juu juu ni kwamba nyaraka ziletwe zile halisi. Lakini pale katikati kuna grundsätzlich. Darasani neno hilo nililifahamu kwa mfano mmoja tu: "Ich esse grundsätzlich kein Fleisch", yaani nyama sili kabisa, ndio msimamo wangu. Kwa hiyo nikasoma barua yangu kwa macho yale yale: vyeti halisi, hakuna mjadala.

Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa Korogwe kwa mama, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kimefungwa ndani ya mfuko wa sukari. Mama hakutaka kukituma kwa posta. Tukasubiri mtu anayesafiri. Wiki tisa zikapita, na darasa la Septemba likaanza bila mimi. Siku naingia pale ofisini na cheti changu mkononi, kijana wa mbele yangu kwenye foleni alitoa nakala iliyogongwa muhuri na mthibitishaji, akaeleza kwa sentensi mbili kwa nini cha asili hakipo, akapokelewa. Nikamwonyesha mama wa dirishani barua yangu. Akaweka kidole chini ya lile neno, akasema: "Da steht doch grundsätzlich." Si imeandikwa grundsätzlich!

Kwake yeye neno lile lilikuwa mlango ulioachwa wazi kidogo. Kwangu lilikuwa kufuli. Neno moja, barua moja.

Ndiyo maana nataka tulichambue kuanzia kwenye mzizi wake, Grundsatz, yaani kanuni au msingi.

Neno lina vipande viwili. Grund ni chini, ni ardhi, ni sakafu ya kitu. Kiwanja ni Grundstück. Maji ya chini ya ardhi ni Grundwasser. Jahazi likipanda mwamba au fungu la mchanga, Wajerumani husema limekwenda auf Grund. Na shule ya msingi ni Grundschule. Hapo Kiswahili na Kijerumani vimekutana bila kuitana: Grund ni msingi. Jiwe la msingi, lile ambalo viongozi wetu huweka kwa kitambaa na makofi, ni Grundstein.

Ila Grund ina maana ya pili: sababu. "Aus diesem Grund", kwa sababu hii. Mtu akidhani hapo tumeachana, akumbuke tunavyosema "madai yasiyo na msingi". Mjerumani husema grundlos, pasipo Grund. Sisi nasi tumeiona sababu kama kitu ambacho hoja inasimama juu yake.

Satz inatokana na setzen, kuweka. Satz ni kilichowekwa. Sentensi ni Satz, kwa kuwa ni maneno yaliyowekwa pamoja. Machicha ya kahawa yaliyotuama chini ya kikombe ni Kaffeesatz. Seti ya matairi manne ni ein Satz Reifen. Kanuni ya Pythagoras kuhusu pembetatu ni Satz des Pythagoras.

Unganisha sasa: Grundsatz ni kauli iliyowekwa chini kabisa ili nyingine zikae juu yake. Ni jina la kiume, der Grundsatz, wingi die Grundsätze. Wanaojiandaa na mtihani, msisahau zile nukta mbili juu ya a kwenye wingi.

Naendelea baada ya zamu. Karibuni.

#2 Mwanafunzi wa B1

Dada asante, hapo kwenye Grundschule umenifungua macho. Lakini mbona mwalimu wetu anatumia Prinzip siku zote? Tofauti ni nini? Au ni visawe tu?

#3 Mleta uzi

Mdogo wangu, mara nyingi vinabadilishana, lakini si kila mahali, na ukikosea masikio ya Mjerumani yanashtuka.

Prinzip ni la Kilatini, principium, mwanzo. Linaweza kuwa jinsi kitu kinavyofanya kazi hata kama hakuna mtu aliyekitamka. Ile kanuni ya Archimedes ya kitu kuelea majini ni archimedisches Prinzip. Pampu, injini, jiko la gesi, vyote vina Prinzip yake. Hapo husemi Grundsatz. Injini haina Grundsatz, kwa sababu haikuamua chochote.

Grundsatz lazima iweze kutamkwa kama sentensi, na mara nyingi kuna mtu au chombo kilichoikubali. "Nisikope kwa riba" ni Grundsatz. "Mtu asihukumiwe pasipo kusikilizwa" ni Grundsatz. Angalia vitenzi vinavyoandamana nalo: unaweza kuiweka (aufstellen), kuishikilia (an seinen Grundsätzen festhalten), kuivunja (gegen einen Grundsatz verstoßen). Ni kitu ambacho mtu anawajibika nacho.

Katika mazungumzo ya kawaida watu husema "aus Prinzip", na Grundsatz husikika zaidi kwenye maandishi rasmi. Vyama vya siasa navyo vina Grundsatzprogramm, waraka wa imani na mwelekeo wa chama, tofauti na ilani ya uchaguzi mmoja. Unaojulikana zaidi ni ule ambao chama cha SPD kiliupitisha Bad Godesberg mwezi Novemba 1959.

#4 Kijana wa Darajani

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Mleta uzi umeanza vyema, ila nakuomba usilipite neno letu moja lililo karibu zaidi na Grundsatz kuliko "msingi": usuli. Sisi tuliokaa vyuoni tumelelewa nalo. Usuli ni mizizi, asili, na katika elimu ya fiqhi kuna usuli na kuna furuu, yaani mizizi na matawi. Hukumu ya jambo moja moja ni tawi. Kanuni ambayo kwayo hukumu inatolewa ndiyo usuli. Sikiliza basi maelezo yako mwenyewe: "kauli iliyowekwa chini kabisa ili nyingine zikae juu yake." Hiyo ni usuli, wallahi.

Na "kanuni" nayo ina safari yake. Tumeipata kwa Kiarabu, qanun, nao Waarabu wameipata kwa Wayunani, kanon, ufito wa kupimia.

#5 Mleta uzi

Wa alaykum salaam kaka. Umenipa zawadi. Na umenikumbusha kisawe kimoja cha Grundsatz ambacho nakipenda mno: Richtschnur. Schnur ni uzi au kamba. Richtschnur ni ile kamba ambayo fundi mwashi anaivuta kutoka pembe hadi pembe ili mstari wa tofali unyooke. Baba yangu alikuwa fundi. Nimeshika ncha moja ya kamba hiyo mara nyingi, yeye upande wa pili ananiambia "vuta, usilegeze", halafu tofali la kwanza linakaa. Mjerumani akisema jambo fulani ni Richtschnur ya maisha yake, picha ni ile ile. Wayunani ufito, Wajerumani kamba. Wote wamekwenda kwa fundi kuazima neno.

Kuhusu kutafsiri, mimi nachagua hivi. Mtu akiwa na Grundsätze, ein Mensch mit Grundsätzen, kwetu ni "mtu mwenye msimamo". Usimwandike "mtu mwenye kanuni", atasikika kama askari wa usalama barabarani. Kwenye katiba na siasa, wingi "misingi" unakaa vizuri, kama utangulizi wa Katiba ya Tanzania ya 1977 unavyosema jamii inayozingatia misingi ya uhuru, haki, udugu na amani. Kwenye uhasibu na taratibu za kazi, "kanuni". Na kwenye falsafa na fiqhi, nakubaliana nawe, usuli lina uzito ambao "msingi" umeupoteza kwa kutumika kila siku.

#6 Msomaji wa Falsafa

Mkitaja falsafa siwezi kunyamaza. Kant, mzee wa Königsberg (1724–1804), amelipa neno hili uzito ambao mpaka leo halijautua.

Katika kazi yake ya 1781 juu ya akili safi kuna sehemu nzima ya Grundsätze za fahamu. Anaeleza kwa nini zinaitwa hivyo, na sababu ni mbili. Ya kwanza, zinabeba Gründe, yaani sababu, za hukumu nyingine. Ya pili, zenyewe hazijasimama juu ya ujuzi mwingine ulio juu zaidi. Yaani ukichimba, hapo ndipo jembe linagonga mwamba.

Kisha mwaka 1788 akaandika kuhusu akili katika matendo, na aya ya kwanza kabisa ni kueleza Grundsatz ya kimatendo ni nini: kauli yenye uamuzi wa jumla wa nia, ambayo chini yake kuna kanuni kadhaa ndogo za kutenda. Halafu anagawa. Ikiwa unaiona inakuhusu wewe tu, hiyo ni Maxime. Ikiwa inamfunga kila mwenye akili, hiyo ni sheria. Mfano wangu, si wake: mtu anasema "mimi sikopeshi ndugu". Hiyo ni Maxime, anaishi nayo. Lakini hawezi kuitangaza kama sheria ya watu wote, maana siku ya msiba wake mwenyewe itamgeukia.

Na kuna jambo dogo la lugha. Ukivigeuza vipande vya Grundsatz unapata Satz vom Grund, jina la Kijerumani la ile kauli ya mwanafalsafa Leibniz kwamba hakuna kitu pasipo sababu ya kutosha. Neno kichwa chini, na limeangukia kwenye mwamba mwingine.

#7 Wakili Mtarajiwa

Nipo mwaka wa mwisho wa sheria, nasoma pia Kijerumani. Naomba nirudishe mjadala kwenye barua za dada, maana huko ndiko watu wanaumia.

Kanuni ya kusoma ni hii. Mtu wa kawaida akisema grundsätzlich mezani, mara nyingi maana yake ni "kamwe, ni msimamo wangu", kama ule mfano wa nyama. Lakini mwanasheria au karani akiandika grundsätzlich, maana yake ni "hii ndiyo kanuni ya jumla, na kuna hali za kipekee". Wanafunzi wa sheria kule hufundishwa mapema kabisa: ukiliona grundsätzlich, tafuta Ausnahme, yaani hali ya kipekee. Kanuni bila hali ya kipekee wangeandika "stets", "ausnahmslos", au "in jedem Fall".

Ushahidi upo ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya biashara, HGB, kifungu cha 252, inaorodhesha kanuni za kuthamini mali kwenye mizania. Fungu la 2 linasema kwamba Grundsätze za fungu la 1 zinaweza kuachwa tu "in begründeten Ausnahmefällen", katika hali za kipekee zenye sababu. Mnaona "begründet"? Ni Grund tena. Kuutoka msingi, lazima uwe na msingi.

#8 Mhasibu wa Moshi

Umenigusa kwenye fani yangu mkuu. Mimi niko kampuni yenye mama yake Ujerumani, kila mwisho wa mwaka nakutana na herufi tatu: GoB. Ni Grundsätze ordnungsmäßiger Buchführung, kanuni za utunzaji sahihi wa vitabu vya hesabu. HGB kifungu cha 238 kinamtaka kila mfanyabiashara aonyeshe biashara zake na hali ya mali zake kwa kufuata GoB. Nilitafuta orodha kamili ya GoB ndani ya sheria, nikazunguka siku mbili. Bosi akaniambia acha kutafuta, orodha hiyo haipo. Baadhi zimeandikwa huku na kule, nyingine zimetokana na desturi ya wafanyabiashara waaminifu na hukumu za mahakama.

Mwanzoni nilikereka. Sheria inanifunga kwa kitu ambacho haikukiandika? Lakini nilipoanza kazi nikaelewa. Ile inayojulikana zaidi, "keine Buchung ohne Beleg", hakuna kuingiza hesabu pasipo risiti, haihitaji kuelezwa mara mbili. Juzi dereva alileta gharama ya mafuta kwa mdomo. Nikamwambia kaka, lete karatasi. Hata iwe imekunjwa na ina mafuta ya taa, lete. Hiyo ndiyo Grundsatz kazini: haigombani na mtu, inangoja karatasi.

#9 Mwanafunzi wa B1

Samahani wakubwa, nimechanganyikiwa kidogo. Kaka wakili amesema Grundsatz ina hali za kipekee. Lakini kwenye somo la uraia tulisoma kwamba Katiba ya Ujerumani ina Grundsätze ambazo hata bunge zima haliwezi kuzibadilisha. Sasa ipi ni ipi?

#10 Wakili Mtarajiwa

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Ngoja nilijibu kwa utulivu.

Katiba yao inaitwa Grundgesetz, Sheria ya Msingi, ya tarehe 23 Mei 1949. Hawakuiita Verfassung, neno la kawaida la katiba, kwa kuwa nchi ilikuwa imegawanyika, nao waliiona ya muda mpaka Wajerumani wote waungane. Walioiandika walikuwa wameona kilichotokea: mwezi Machi 1933 bunge lilipitisha sheria iliyompa Hitler na serikali yake mamlaka ya kutunga sheria wenyewe, na kwa karatasi ilipita kama mabadiliko ya katiba. Kwa hiyo wakaweka kizuizi, ibara ya 79 fungu la 3. Nawatafsiria: mabadiliko yatakayogusa mgawanyo wa Shirikisho katika majimbo, ushiriki wa majimbo katika kutunga sheria kwa jumla yake, au misingi iliyowekwa katika ibara ya 1 na ya 20, hayaruhusiwi. Ibara ya 1 ni utu wa binadamu usioguswa. Ya 20 ni demokrasia, dola inayojali jamii, shirikisho, na utawala wa sheria.

Sasa someni sentensi hiyo kwa Kijerumani. Ndani yake yamo maneno yote mawili tunayoyajadili. Kuna "die grundsätzliche Mitwirkung der Länder", ushiriki wa majimbo. Na kuna "die in den Artikeln 1 und 20 niedergelegten Grundsätze". La kwanza linaacha nafasi: majimbo lazima yashiriki kwa jumla, lakini namna na kiasi cha ushiriki kinaweza kubadilishwa. La pili halitaki kuguswa. Sentensi moja, mzizi mmoja, nguvu mbili tofauti.

Jibu lako basi ni hili: jina Grundsatz linataja msingi wenyewe, na msingi unaweza kuwa mgumu kabisa. Nafasi ya hali za kipekee inakaa zaidi kwenye kile kielezi, grundsätzlich.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba hata Wajerumani wamekubaliana. Tarehe 15 Desemba 1970 Mahakama ya Katiba pale Karlsruhe ilitoa hukumu kuhusu serikali kusikiliza simu za watu kwa siri bila wao kujulishwa, na bila njia ya kawaida ya kwenda mahakamani. Katiba ilikuwa imebadilishwa kuruhusu hayo. Majaji wengi walisema Grundsätze, kwa kuwa ni Grundsätze, hazihesabiwi kuwa zimeguswa kama kwa jumla zinaheshimiwa na zimerekebishwa tu kwa hali maalumu yenye sababu za wazi. Majaji watatu wakakataa, wakaandika maoni yao ya kupinga. Mimi nikiisoma nipo upande wa hao watatu. Ukiuingizia msingi tabia ya kielezi, yaani ukaanza kusoma Grundsatz kama vile ni grundsätzlich, kizuizi cha 1949 kinageuka pazia.

#11 Kijana wa Darajani

Subhanallah. Kumbe kesi nzima imetegemea kulielewa neno hili.

Naongeza kwa Kiswahili: sisi tuna kimsingi, na limeumbwa vile vile. Grund, grundsätzlich, msingi, kimsingi. Na angalieni linavyofanya kazi. Mzee akisema "kimsingi sina tatizo na posa yenu", wajumbe wote wanainamisha vichwa kusikiliza "lakini" inayokuja. Mtu hasemi kimsingi kama hana la kuongeza.

#12 Mleta uzi

Kaka, hapo umeutaja moyo wa uzi. Laiti mwalimu wangu wa kwanza angeniambia: grundsätzlich ya ofisini ni "kimsingi" ya mzee wa posa. Ningeelewa siku ile ile. "Kimsingi nyaraka ziletwe halisi." Mswahili yeyote angeuliza palepale: na asiye nazo je?

Ile ya nyama, "ich esse grundsätzlich kein Fleisch", msiitafsiri kwa kimsingi hata kidogo. Mkisema "kimsingi sili nyama" mwenyeji atawapakulia pilau. Hapo ni "nyama sili, ndio msimamo wangu".

Namna ya kuzitofautisha mnapokuwa na karatasi mkononi: tazameni nani anasema. Mtu akijisemea mwenyewe, tabia yake, chuki yake, mapenzi yake, basi mara nyingi ni kamwe au daima. Kanuni ikisemea watu wengi, kama kwenye mkataba wa pango, barua ya ofisi, tangazo la kazi, basi ni kimsingi, na kuna "isipokuwa" ambayo hawakuiandika kwenye mstari huo.

Kuna jingine mtakalokutana nalo mahakamani: "grundsätzliche Bedeutung". Kesi yenye grundsätzliche Bedeutung ni ile ambayo jibu lake litaamua kesi nyingine nyingi, na kwa sababu hiyo inaruhusiwa kupanda mahakama ya juu. Hapo halina uhusiano na hali za kipekee. Ni uzito tu.

#13 Dereva wa Lori

Mimi si msomi sana lakini nimefuatilia toka juu. Kwenye mitihani ya leseni huku, kifungu cha kwanza cha sheria ya barabarani kinaitwa Grundregeln. Kinataka tahadhari ya wakati wote na kuchukuliana. Mbona hapo hawakuandika Grundsätze?

#14 Mleta uzi

Kaka, wewe ndiye umesoma kwa makini. Regel inakuambia ufanye nini: usisumbue mwenzio, usimhatarishe. Grundsatz inakaa hatua moja nyuma yake, inaeleza kwa nini kuna Regel hizo. Mpaka wenyewe si wa wembe, Wajerumani huvuka huku na huku, ila ukiwa barabarani unahitaji Regel. Safari njema, na usiku huu kuna baridi, pumzika.

#15 Mwanafunzi wa B1

Dada, niko pia kazini tayari, natunza wazee. Nina jambo langu halisi. Ndugu yangu anaolewa mwezi Februari. Niliomba likizo Desemba nikanyimwa, wagonjwa wengi na wafanyakazi wachache. Nina siku nane zimebaki. Sasa wameandika: "Der Urlaub ist grundsätzlich im laufenden Kalenderjahr zu nehmen." Nikadhani siku zangu zimekufa. Baada ya kusoma uzi huu nimepata moyo. Nifanyeje?

#16 Wakili Mtarajiwa

Siku zako hazijafa. Sheria ya likizo ya Ujerumani, Bundesurlaubsgesetz, kifungu cha 7 fungu la 3: likizo ichukuliwe ndani ya mwaka. Hiyo ndiyo Grundsatz. Halafu sentensi inayofuata inaleta hali ya kipekee: inaweza kuhamishiwa mwaka unaofuata kukiwa na sababu nzito za kazini au za mfanyakazi mwenyewe. Ikihamishwa, ichukuliwe ndani ya miezi 3 ya mwanzo.

Zingatia sababu utakayoiandika. Harusi ya ndugu ni furaha, lakini usiegemee hapo. Sababu yako yenye nguvu ni ya kazini: uliomba Desemba, wakakunyima kwa uhaba wa watu. Sababu hiyo wameisababisha wao, na wameiandika wao. Tafuta ile barua ya kukunyima, uiambatanishe.

#17 Mleta uzi

Na iandike kwa adabu, mistari michache. Chukua hii, badilisha tarehe:

"Meinen Urlaub im Dezember konnte ich aus betrieblichen Gründen nicht nehmen. Ich bitte Sie daher, die verbleibenden acht Tage ausnahmsweise auf das nächste Jahr zu übertragen. Ich möchte sie im Februar nehmen."

Yaani: likizo yangu ya Desemba sikuweza kuichukua kwa sababu za kazini, hivyo naomba siku nane zilizobaki zihamishwe, kwa namna ya kipekee, nizichukue Februari. Umeona yalipo maneno? "Gründen", sababu. Na "ausnahmsweise", ambalo ndilo linaloijibu grundsätzlich yao. Wao wamesema kimsingi, wewe unawaambia isipokuwa.

Peleka kwa maandishi, uombe wakujibu kwa maandishi.

#18 Mwanafunzi wa B1

Nimeandika asubuhi kabla ya zamu. Mkuu wa zamu amesoma mbele yangu, akafika kwenye ausnahmsweise akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema atanijibu kabla ya Ijumaa. Nimeambatanisha ile barua ya Desemba.

#19 Mleta uzi

Vizuri sana mdogo wangu. Ijumaa uje hapa hapa utuambie, na wenye barua zenu nyingine wekeni sentensi tu. Majina na namba za faili zifuteni kwanza.